Vita Si Kisingizio: Kuhusu Bei ya Mafuta Moshi

Hoja hii umeisikia. Imesemwa redioni, imesemwa stendi ya Moshi, imesemwa sokoni Mbuyuni na kwenye vijiwe vya bodaboda kuanzia Kiboriloni hadi Marangu Mtoni. Inasema kwamba vita vya mbali havina uhusiano wowote na bei ya lita ya mafuta hapa Kilimanjaro. Kwamba Ukraine, Yemen na Iran ni visingizio. Kwamba bei hupangwa na matajiri wachache wenye vituo, wakisaidiwa na serikali inayopenda kodi. Wanaoisema si wajinga. Wameona mashine ya kusaga ikipandisha malipo kwa debe, wameona mfuko wa mbolea ukiwa mzigo usiobebeka. Wana haki ya kukasirika. Ila wamemkamata mtu asiye mwizi, na ushahidi wa kumwachia uko hadharani. Nitayachukua madai yao kama wanavyoyasema wenyewe. Msomaji, wewe ndiwe hakimu.

Dai lao la kwanza ndilo linalovutia zaidi: Tanzania hainunui mafuta Urusi wala Ukraine. Meli zetu hupakia Uarabuni na India. Basi kombora linaloanguka Kharkiv linamfikiaje mwenye Fuso pale Himo? Sehemu ya mwanzo ya dai hili ni kweli, na ukweli huo ndio unaolibomoa. Kabla ya Februari 24, 2022, Ulaya ilipata sehemu kubwa ya dizeli yake ya nje kutoka Urusi. Vita vilipoanza, wanunuzi wa Ulaya wakaanza kuikimbia dizeli hiyo, na kuanzia Februari 5, 2023 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku rasmi bidhaa za mafuta za Urusi zinazopita baharini. Malori ya Ulaya hayakusimama. Wenye malori walikwenda kununua Uarabuni na India, kwenye matangi yale yale tunakopakia sisi, na fedha wanazo kuliko sisi. India, ambayo kabla ya vita ilichukua Urusi chini ya asilimia 2 ya mafuta ghafi yake, kufikia 2023 ilikuwa inachukua huko zaidi ya theluthi, ikiyasafisha katika mitambo kama ile ya Jamnagar na kuuza dizeli hadi Ulaya. Mwenye mtambo wa Jamnagar hana sababu ya kumuuzia Mtanzania kwa bei ya chini kuliko anayolipa Mholanzi.

Sasa tazama tarakimu. Machi 7, 2022 pipa la mafuta ghafi ya Brent liligusa dola 139. Mei mwaka huo bei kikomo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa Dar es Salaam ilikuwa Sh 3,148 kwa lita ya petroli na Sh 3,258 kwa lita ya dizeli. Dizeli ilikuwa imeipita petroli, jambo ambalo hapa kwetu halikuwa la kawaida. Kama bei ingekuwa imepikwa na wenye vituo, wapishi hao wangekuwa na sababu gani ya kuipandisha dizeli kuliko petroli? Anayeshikilia nadharia ya njama hana jibu. Anayefuata soko analo: bidhaa ambayo Ulaya iliikosa ghafla ni dizeli.

Na mtu wa Kilimanjaro ndiye wa mwisho anayepaswa kulikataa jambo hili, kwa sababu ameliishi kwenye kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili. Miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa ikapanda duniani, na fedha zikafika hadi kwenye vihamba vya Kibosho na Machame. Februari 2025, baada ya ukame wa Brazili, arabika ilipita dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, na mnada wa Moshi ukafuata. Hakuna mkulima wa Uru aliyesimama akasema ukame wa Brazili ni kisingizio kwa kuwa sisi hatulimi kahawa huko. Kila mmoja alijua kwamba bidhaa inayouzwa dunia nzima ikipungua mahali pamoja, bei yake hupanda kila mahali. Ukiikubali kanuni hiyo unapolipwa, huwezi kuikataa unapolipa.

Dai la pili linahusu Bahari ya Shamu, na hapa wakosoaji wanastahili sifa. Wanasema: Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli Novemba 2023, wafanyabiashara wakadai gharama zimepanda, lakini meli ya kuja Tanga haipiti huko. Ukichukua ramani utaona wamesoma vizuri. Mzigo uliopakiwa Ruwais au Jubail hutoka Ghuba ya Uajemi, hupita mlango wa Hormuz, huingia Bahari ya Arabu na kushuka moja kwa moja hadi pwani yetu. Mzigo wa Sikka, bandari ya Jamnagar, haukaribii hata Hormuz. Isipokuwa ule unaotoka Yanbu au Mediterania, shehena yetu haina shughuli na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Mfanyabiashara aliyesema meli yake ilichelewa kwa sababu ya Wahouthi alipaswa kuulizwa ilipakia wapi.

Kosa lao ni hatua inayofuata: kwamba kwa kuwa njia yetu haikuguswa, gharama yetu nayo haikuguswa. Meli ya mafuta hukodishwa sokoni. Meli zilizokuwa zikipita Suez zilipolazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kila safari ilirefuka kwa siku kumi au zaidi. Meli ileile ikawa inafanya safari chache kwa mwaka, na idadi ya meli zilizo huru kukodishwa ikapungua hata kwa asiyekwenda Ulaya. Kwa hiyo alichosema mfanyabiashara kuhusu njia kilikuwa si kweli, na alichosema kuhusu kodi ya meli kilikuwa na msingi. Hukumu ya haki inayatenganisha hayo mawili. Wakosoaji wameyafunga pamoja na kuyatupa yote.

Ninafika kwenye dai ambalo lingewatosha wao wenyewe kugundua tatizo, kama wangelisikiliza mpaka mwisho. Upande mmoja wanasema: bei hupandishwa siku ileile vita vinapoanza, kabla hata meli moja ya bei mpya haijafika, na huo ndio wizi. Upande wa pili, mara nyingi kwa kinywa kilekile, wanasema: Juni 2025 Israeli na Marekani ziliipiga Iran, kila mtu alitutisha kuhusu Hormuz, na bei ya Julai haikupanda, kwa hiyo vita havina athari. Madai haya mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Kama wenye vituo wana uwezo wa kupandisha bei siku ileile kwa kisingizio chochote, Juni 2025 ndiyo ilikuwa nafasi yao ya dhahabu. Mbona hawakuitumia?

Hawakuitumia kwa sababu hawana uwezo huo. Bei kikomo hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya. Ukiichukua taarifa yenyewe na kushuka hadi Mkoa wa Kilimanjaro utakuta Moshi, Hai, Siha, Mwanga, Same na Rombo, kila moja na tarakimu yake kulingana na umbali wa kuvuta mafuta. Kituo kinachouza juu ya hapo kinavunja sheria. Na tarakimu hiyo haikokotolewi kwa habari ya jana. Hubeba bei za soko la Uarabuni za mwezi au miezi iliyotangulia, kwa kuwa mafuta unayonunua leo yaliagizwa wakati ule kupitia mfumo wa uagizaji wa pamoja. Juni 2025, Brent ilipanda kutoka chini ya dola 70 hadi karibu 80 ndani ya siku chache, kisha vita vikasimama Juni 24 na bei ikarudi ilikotoka. Mlango wa Hormuz haukufungwa. Wakati huohuo shilingi yetu ilikuwa inaimarika dhidi ya dola. Ukijumlisha mshtuko mfupi, mafuta yaliyokwisha kununuliwa na shilingi yenye nguvu, unapata Julai isiyopanda. Lau mlango ule ungefungwa kwa miezi mitatu, mjadala huu tungeufanya kwenye foleni. Mwaka 2024 yalipita pale takriban mapipa milioni 20 kwa siku, sawa na moja ya tano ya matumizi ya mafuta ya dunia nzima.

Wanaojiona wajanja zaidi huuliza kuhusu 2023. Oktoba mwaka huo petroli ilifika Sh 3,281 Dar es Salaam na dizeli Sh 3,448, na vita vya Ukraine vilikuwa vimeshazoeleka. Kwa hiyo, wanasema, kilichopandisha bei ni kitu kingine. Swali ni zuri, lakini linadhani siasa za dunia maana yake ni mabomu tu. Kuanzia Julai 2023 Saudi Arabia ilipunguza uzalishaji wake kwa mapipa milioni 1 kwa siku, kwa hiari yake, na Urusi ikabana mauzo yake ya nje. Mwanzoni mwa Septemba zote mbili zikatangaza kwamba zitaendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka. Brent ikapita dola 90. Septemba 21 Urusi ikazuia kuuza dizeli nje. Hakuna bomu hata moja hapo, ni maamuzi ya serikali mbili. Juu ya hayo, Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imepandisha riba kwa kasi, dola zikawa adimu Afrika Mashariki nzima, na mwagizaji wetu akahangaika kuzipata ili alipe meli iliyokwisha kufika.

Ulizia majirani. Kenya ilibanwa na dola zilezile, na mwaka 2023 ikaamua kununua kwa mkataba wa serikali kwa serikali na makampuni ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, kwa mkopo wa siku 180. Tuliambiwa tuige, kwamba ng'ambo ya Holili mambo yatakuwa nafuu. Oktoba 2023 petroli Nairobi ilikuwa KSh 217 kwa lita, ambayo kwa viwango vya wakati ule inapita Sh 3,500 zetu. Mkataba uliahirisha malipo ya dola. Bei ya soko haukuigusa, na haukuwa na namna ya kuigusa.

Kodi sasa. Wanasema ukiondoa kodi na tozo, lita ingekuwa rahisi. Hiyo ni hesabu sahihi na siipingi: serikali iliongeza Sh 100 kwa lita ya petroli na dizeli katika bajeti ya 2021, ikaongeza Sh 100 nyingine mwaka 2023, na hizo ni juu ya ushuru na tozo zilizokuwapo. Anayetaka zipunguzwe ana hoja ya kupeleka bungeni, nami nitamuunga mkono. Lakini dai lao ni kwamba kodi ndiyo inayoifanya bei iruke, nalo haliwezi kuwa kweli kwa namna kodi yenyewe ilivyoundwa. Kwetu mafuta hayatozwi VAT. Tozo kubwa ni kiasi kisichobadilika kwa kila lita. Pipa likiwa dola 60 au dola 120, serikali inachukua shilingi zilezile. Kitu kisichobadilika hakiwezi kueleza mabadiliko. Kati ya Januari na Mei 2022 hapakuwa na tozo mpya ya kuelezea kupanda kule. Kinyume chake, Mei hiyo serikali ilitangaza ruzuku ya Sh bilioni 100 kwa mwezi, na Juni bei ya Dar es Salaam ikashuka chini ya Sh 3,000 kwa petroli kabla ya soko la dunia kuipandisha tena.

Wizi wa mtaani upo, na sitaki mtu adhani ninautetea. Panda hadi Kilema au Kibosho juu, kwenye meza ya mbao kando ya barabara, utakuta petroli kwenye chupa za maji ya kunywa, inauzwa juu ya bei kikomo kwa mwendesha bodaboda ambaye sheli iko mbali naye. Chupa yenyewe haijai vizuri. Hapo anaumizwa na muuzaji na uhaba wa vituo vijijini. Vita havihusiki. Lakini hizo ni shilingi mia kadhaa, kila mwezi, vita viwepo visiwepo. Haziwezi kuwa maelezo ya mwaka 2022.

Kuna dai dogo la jiografia: Moshi iko karibu na Tanga, kilomita zipatazo 350, wakati Dar es Salaam iko mbali zaidi, kwa hiyo kaskazini inapaswa kuwa na mafuta ya bei rahisi. Umbali wa barabara ni kipengele kimoja tu. Tanga hupokea meli chache na mizigo midogo, na gharama za kuleta mzigo mdogo hugawanywa kwa lita chache, ndiyo maana gharama ya uagizaji kwa Tanga mara nyingi huwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Mafuta ya taa ndiyo mfano mzuri. Taarifa za EWURA zimewahi kueleza mara kadhaa kwamba hayakushushwa Tanga, na wafanyabiashara wa mikoa ya kaskazini wakatakiwa kuyafuata Dar es Salaam. Bibi wa Rombo anayewasha kandili analipia safari hiyo yote.

Wazee wetu, kwa heshima yote, wana dai lao: zamani, TIPER ilipokuwa inasafisha mafuta Kigamboni na serikali ikipanga bei, hatukujua habari za vita vya Waarabu. TIPER ilifunguliwa 1966, na mafuta ghafi iliyoyasafisha yalitoka nje. Vita vya Oktoba 1973 vilipoanza, nchi za Kiarabu zikakata mauzo kwa Marekani na washirika wa Israeli, na pipa likapanda kutoka dola 3 hivi hadi zaidi ya dola 11 ndani ya miezi michache. Tanzania haikuwa adui wa Mwarabu yeyote. Ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli. Ililipa bei ileile. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri, na walioendesha wakati huo wanakumbuka vizuizi barabarani. Kilichowapa nafuu watu wa Kilimanjaro katikati ya muongo ule ni ile kahawa niliyoitaja. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yakaipandisha bei tena, na wakati huohuo nchi ilikuwa inapigana na Idi Amin. Serikali ilipanga bei, ni kweli. Bei ilikuwa imeandikwa pale na mafuta hayakuwapo.

Dai ninalolisikia kwa sauti kubwa kuliko yote siku hizi ni la bomba. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki linakuja Tanga, wanasema, na yakishafika tutaachana na Uarabuni. Kwanza angalia kinachobebwa. Bomba lina kilomita 1,443, kutoka Kabaale huko Hoima hadi Chongoleani, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa minane ambayo Kilimanjaro haimo. Ndani yake ni mafuta ghafi ya Uganda, yenye nta nyingi kiasi kwamba yasipopashwa moto njia nzima yataganda. Huwezi kuyatia kwenye pikipiki. Yanahitaji mtambo wa kusafisha, na Chongoleani kinachojengwa ni matangi na gati ya kuyapakia melini yaende nje. Pili, mafuta hayo si mali yetu. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina hisa asilimia 15 za bomba, sawa na kampuni ya taifa ya Uganda. TotalEnergies ina 62. Tunachopata ni sehemu ya ada ya kupitisha, iliyokubaliwa kuwa dola 12.77 kwa pipa. Ada hiyo ni muhimu na ajira zake ni za kweli. Lakini hata kama mtambo wa kusafisha ungejengwa Tanga kesho, mwenye mafuta angedai bei ambayo angeipata kwa kuyapeleka Rotterdam au Mumbai. Nigeria imechimba mafuta tangu miaka ya 1950, na kwa miongo mingi iliagiza petroli nje.

Ninaomba hakimu aandike jambo moja kuhusu dai hili. Watu walewale walioanza kwa kusema vita vya mbali havigusi bei ya Moshi sasa wanasema tunahitaji mafuta yetu wenyewe ili vita vya mbali visituguse. Kama havitugusi, bomba litatukinga na nini?

Umeme ni jibu bora kuliko bomba, na wanaoutaja wako karibu zaidi na ukweli. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni yetu. Taa ya Moshi haitikisiki Hormuz ikitikisika, na kiwanda cha sukari cha TPC huzalisha umeme wake kwa makapi ya miwa. Lakini ndizi za Mwika haziendi Dar es Salaam kwa umeme, trekta la Chekereni halilimi kwa umeme, na mtungi wa gesi ambao mama amehimizwa kuutumia badala ya mkaa umejazwa gesi iliyokuja kwa meli. Mbolea vilevile: bei ya urea ilipopaa 2022, gesi na vita vikiwa sababu kubwa, serikali ililazimika kuweka ruzuku ili mfuko wa kilo 50 ushuke hadi Sh 70,000.

Mwisho wanasema bei ikipanda haishuki. Kwenye pampu, si kweli. Oktoba 2023 petroli ilikuwa Sh 3,281. Agosti 2025 ilikuwa chini ya Sh 2,900, bei zote za Dar es Salaam, na Moshi ilifuata mwelekeo uleule. Dizeli ilishuka zaidi. Kisichoshuka ni kinachofuata baada ya pampu. Mei 2022 nauli ya daladala ya hadi kilomita 10 ilipanda kutoka Sh 400 hadi Sh 500 kwa sababu ya mafuta. Desemba 2023, petroli na dizeli zikiwa juu ya Sh 3,100, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ikaipandisha hadi Sh 600. Kufikia Agosti 2025 dizeli ilikuwa imepungua kwa zaidi ya Sh 300 kwa lita, na abiria wa Kiboriloni alikuwa bado analipa kwa kiwango kilekile cha Desemba 2023. Hapo kuna jambo la kudai, lina ofisi ya kulipeleka, na halihitaji kumkana Putin wala Wahouthi. Wenye magari waliitumia bei ya dunia kama ushahidi walipoomba nauli ipande. Ushahidi uleule uwekwe mezani kwa LATRA bei inaposhuka, na abiria ndio wauweke.